Sanduku la Maswali: Siku Moja Baharini, Kutoka Mombasa Hadi Kisite

Barua nyingi za mara hii zinauliza habari ya safari moja: kutoka Mombasa asubuhi, kupanda boti Shimoni, kuogelea kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, kula mchana kisiwani Wasini na kurudi mjini jioni. Tumezijibu pamoja. Bei hatukuziandika maana hupanda na kushuka kwa msimu, na ya jana itakukosanisha na nahodha wa leo.

*Sisi ni sita, tunafanya kazi pamoja Changamwe. Tulikwenda Kisite Julai. Tuliahidiwa kushushwa kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari. Fungu hatukuliona, maji yalikuwa na vumbi huoni kitu, na wawili wetu walitapika kwenda na kurudi. Je, tulidanganywa?*

Aliyewaahidi fungu bila kutazama kalenda aliwadanganya. Hayo mengine ni msimu. Kusi huanza kuvuma Aprili na hushika nguvu Juni hadi Agosti. Mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini umekingwa na kisiwa, ndiyo maana gatini mliona maji yametulia mkafurahi. Kisite iko upande wa pili, kusini mwa Wasini, mahali pasipo kinga. Boti ikishapita ncha ya kisiwa hukutana na mawimbi ya kusi uso kwa uso, na mawimbi hayohayo hutibua mchanga wa chini, maji yakaingia weupe. Miezi ya kwenda kuona samaki ni Oktoba hadi Machi. Oktoba na Novemba, wakati wa tanga mbili, upepo haujajua unakotoka na bahari mara nyingi ni shwari. Januari na Februari kaskazi huamka kuanzia adhuhuri, kwa hiyo asubuhi ndiyo ya kuogelea na mchana ni wa kula.

Fungu la mchanga sasa. Hilo ni habari ya mwezi, halina uhusiano na boti mliyokodi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni kama mita moja tu. Fungu hutoka vizuri maji yakipwa ya bamvua. Na pwani yetu ina bahati: bamvua hupwa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, saa ambayo boti iliyoondoka Shimoni saa tatu inakuwa tayari imefika. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa.

Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji jedwali. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi ni bamvua: nendeni mkaone fungu. Tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 24 ni maji mafu: fungu msilitarajie, lakini mkondo ni dhaifu, na asiyejua sana kuogelea ataelea bila kuburutwa. Katikati hapo, kila siku maji huchelewa kwa dakika 40 hadi 50 kuliko jana yake. Kama leo yamepwa saa nne na nusu, baada ya siku tatu yatapwa kwenye saa sita na nusu.

Bamvua ina ubaya wake pia. Maji mengi yakipita kwa saa chache mkondo huwa mkali, hasa baina ya visiwa. Mwambieni nahodha mnataka kuingia majini wakati maji yamesimama, yaani muda mfupi kabla na baada ya kupwa kabisa. Nahodha mzoefu atawaelewa mara moja. Asiyejua mnachosema, tafuteni mwingine.

*Nitoke Mtwapa saa ngapi ili niiwahi boti, na nilipe nini wapi? Sina gari.*

Boti nyingi huondoka Shimoni kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu. Kutoka kisiwani Mombasa ni karibu kilomita 80, saa mbili hivi ukishavuka Likoni. Kwa hiyo feri ya Likoni uwe umeipanda kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Aendaye kwa miguu halipi feri. Likoni panda matatu ya Lunga Lunga, uteremke Kanana, na hapo utachukua bodaboda au tuktuk kwa kilomita kama 15 hadi Shimoni. Za moja kwa moja hadi Shimoni zipo ila ni chache, usizitegemee asubuhi. Wenye gari wakitaka kuikwepa foleni ya feri wapite barabara ya Dongo Kundu, itawatoa Kibundani.

Malipo ni ya mafungu, na hapo ndipo watu hugombana. Kuna ada ya hifadhi, inayokwenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, si kwa pesa mkononi. Kuna boti na vifaa vya kuogelea. Kuna chakula cha Wasini. Dalali akikupa bei moja, muulize neno kwa neno: "Ada ya hifadhi imo? Miwani na mapezi yamo? Chakula kimo?" Ikisemwa ada imo, omba risiti yenye majina na tarehe yenu. Ada ya mwananchi ni nafuu kuliko ya mgeni, lakini kitambulisho kikibaki nyumbani huna wa kumlaumu. Lipa ukiwa bado mjini penye mtandao mzuri, na uhifadhi picha ya risiti kwenye simu.

Usilipe boti yote mapema. Toa kianzio, kilichobaki ukitoe gatini ukishaiona boti kwa macho: namba ubavuni, idadi ya abiria inaoruhusiwa kubeba, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu.

*Mimi ni mama wa Kilifi, navaa kwa stara. Nataka kuona samaki, si kukaa botini kushika viatu vya wenzangu. Nitaingiaje majini? Na mara ya kwanza nilipojaribu, miwani ilijaa maji kila dakika.*

Dada, ingia. Ila usiingie na buibui wala dera. Kitambaa kipana kikilowa huwa kizito, hujizungusha miguuni na huweza kunasa kwenye ngazi ya boti. Vaa suti ya kuogelea ya stara, ya kitambaa chepesi kinachobana kiasi, yenye kofia yake. Juu yake jaketi la kuokolea, na ukirudi botini uwe na leso kavu ya kujifunga.

Miwani yako ilivuja pengine kwa sababu ya ukaya, kitambaa cha kichwani. Mpira wa miwani lazima ukae juu ya ngozi pande zote, kipajini, kwenye mashavu na juu ya mdomo. Ukipita juu ya kitambaa hata uzi mmoja, au nywele chache za kipaji, maji yana njia. Kwa hiyo vaa miwani kwanza usoni, kisha ukingo wa kofia uupitishe nje ya mpira, na mkanda wa miwani uje juu ya kofia. Wanaume wenye masharubu mazito hupata taabu hiyohiyo.

Ijaribu kabla boti haijang'oa nanga. Weka miwani usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, uachie mikono. Ikibaki imeshika ni yako. Ikianguka, omba nyingine. Mkanda usiukaze kama unafunga mzigo, maana ukikaza mno mpira hupinda na ndipo huvuja. Ukae nyuma ya kichwa juu ya masikio, si shingoni. Vioo vikiingia ukungu, tema mate ndani, sugua kwa kidole, suuza kidogo. Hakuna aibu hapo, mabaharia wote hufanya hivyo.

Mrija wa kupumulia ukiingia maji usinyanyue kichwa kwa hofu. Puliza kwa nguvu mara moja, kama unayetamka "tu!", maji yatoke juu. Fanya mazoezi ukiwa umeshika ngazi mpaka uzoee. Na usisimame juu ya tumbawe hata ukichoka: lalia jaketi. Tumbawe lililokanyagwa hufa, na lenyewe hukata. Kidonda chake ni kichafu kwa sababu vipande vidogo hubaki ndani, kwa hiyo kisafishwe mara moja kwa maji safi na sabuni.

*Tunatoka Tanga kupitia Horohoro, tuna mtoto wa miaka mitano. Anaruhusiwa?*

Anaruhusiwa, lakini ulizeni jaketi la mtoto siku ya kuagiza boti, si gatini. Jaketi la mtu mzima halimwokoi mtoto: akianguka majini hupanda juu, yeye akateleza chini yake. Mvalisheni, mfunge vifungo vyote na mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka kwenye masikio, ni kubwa. Tafuteni jingine au mtoto abaki Wasini na mmoja wenu. Chagueni maji mafu ya kati ya Novemba na Machi. Hati za kusafiria na cheti cha mtoto viwe kwenye mfuko usioingiza maji, kwani vitatakiwa mpakani na huenda vikaulizwa hifadhini.

*Bahari yanilevya. Nifanyeje? (Voi)*

Asubuhi ile kula kidogo na mapema: mkate mkavu, ndizi, chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula kizuri cha siku nyingine. Tumbo tupu nalo hulevya, kwa hiyo usifunge. Botini kaa chini, katikati au nyuma kidogo, mahali boti inapocheza kidogo zaidi, lakini usikae upepo unapokuletea moshi wa injini. Tazama mstari wa mbali, pale mbingu na bahari zinapokutana. Simu iweke mfukoni. Dawa kama sinarizini humezwa saa mbili kabla ya kupanda boti, kwa sababu ukishaanza kutapika haina pa kukaa. Huleta usingizi, basi asiimeze dereva, na mjamzito amuulize kwanza mfamasia.

Ukianza kutapika, nenda upande upepo unakokwenda. Wenzako watakushukuru.

*Pomboo ni hakika?*

Hapana. Wapo mwaka mzima na mara nyingi huonekana njiani, lakini hawafugwi. Kati ya Julai na Oktoba hupita na nyangumi. Usimpe nahodha pesa ya ziada ili awafukuze. Pomboo akikimbizwa huzama akaibukia mbali, boti nayo humaliza mafuta. Nahodha mzuri hupunguza mwendo, huenda sambamba nao bila kuwakata mbele, na wao wenyewe husogea. Mkikuta boti mbili tatu zimeshawazunguka, mwambieni aendelee na safari, mtawakuta wengine.

*Naweza kubeba mshipi wa kuvulia?*

Ndani ya mbuga ya Kisite, marufuku. Uvuvi wa kienyeji huruhusiwa katika eneo la akiba la Mpunguti, na huo ni wa wavuvi wenyeji, si wa mtalii. Kombe na makoa nayo yaacheni yalipo, hata yaliyo matupu, kwa kuwa kaa wadogo huyahamia.

*Wasini tutakaa saa mbili. Zaidi ya kula kuna nini?*

Kuleni kwanza, maana kaa na samaki wa kupaka hawangoji. Onjeni na mwani wa kukaanga, hata kama mtacheka. Baadaye nendeni kwenye bustani ya matumbawe nyuma ya kijiji, miamba ya kale iliyobaki nchi kavu katikati ya mikoko, yenye njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha wanawake wa hapo. Kiingilio ni kidogo na hubaki kijijini. Maji ya bamvua yakijaa hupanda mpaka chini ya mbao.

Wasini ni kijiji cha Wavumba, hakina magari, na maji matamu ni ya taabu. Kila mtu abebe lita moja na nusu hadi mbili za kunywa, na chupa tupu mrudi nazo bara. Msipite kijijini na nguo za kuogelea: mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Mwezi wa Ramadhani ulizeni mapema kama chakula cha mchana kitapikwa na kitaliwa wapi. Vaeni viatu vya mpira vyenye kamba ya kisigino, kwani bamvua ikipwa boti huenda isifike ufuoni na mtatembea juu ya mawe makali na viumbe vyenye miiba mirefu myeusi. Aliyechomwa atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa au zaidi. Ayapime kwanza kwa mkono, si kwa mguu uliochomwa, kwa sababu huo hautasema kweli.

Mkirudi Shimoni kabla ya saa kumi, mapango yaliyoupa mji jina lake yako hatua chache kutoka gatini. Kuyapitia haraka ni nusu saa. Mkirudi saa kumi na moja, yaacheni, maana Kanana gizani matatu za Likoni huja zimejaa.