SSI na kufaili Chapta 7
Je, mlemavu anayeishi hapa Marekani kwa SSI tu (ile hela ya serikali ya kumsaidia mlemavu au mzee mwenye kipato kidogo) afaili Chapta 7, yaani aombe korti imfutie madeni kwa kufilisika? Mara nyingi hapana, hana haja ya kufaili. Sheria ya Social Security (hifadhi ya jamii) inamzuia mdai wa kawaida, sijui kredit kadi, sijui bili ya hospitali, kugusa ile hela hata akienda kortini akashinda, na kama inaingia moja kwa moja benki, benki yenyewe inatakiwa iache malipo ya miezi miwili bila kuyafunga. Nilikaa na mama mmoja mtaani kwetu, yuko kwenye wheelchair, kaja na mfuko wa rambo umejaa barua za madeni hata hajazifungua, tukazitandaza mezani moja moja, kumbe hakuna mdai hata mmoja wa kumchukulia senti. Sasa dola 338 za ada ya korti ya kufaili za nini? (japo kipato kikiwa chini ya asilimia 150 ya mstari wa umaskini unaweza kuomba usamehewe ada hiyo.) Ila kama ana nyumba au kakibarua pembeni hesabu inabadilika, mshahara unaweza kukatwa. Na SSDI (malipo ya ulemavu kwa aliyewahi kufanya kazi na kuchangia) siyo SSI jamani, ile inaweza kukatwa kwa deni la kodi ya serikali kuu na matunzo ya mtoto. Asichanganye tu hela nyingine kwenye akaunti inayoingia SSI.