Juisi ya kugandisha mbona inakuwa jiwe?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi napenda sana ile juisi ya barafu laini laini ya kunywa na mrija, nimejaribu kutengeneza nyumbani mara tatu sasa, nakamua nanasi, nachuja, naweka friza usiku kucha, asubuhi nakuta jiwe. Juzi nimelipigapiga na mwiko nikatupia kwenye blenda, blenda ikaanza kutoa harufu ya kuungua! Halafu ile iliyoyeyuka ni tamu balaa ila barafu iliyobaki nyeupee haina ladha yoyote. Nakosea wapi? Sukari siweki kabisa maana nanasi lina utamu wake.

JIBU: Salama mdogo wangu, pole na blenda. Kosa umeliandika mwenyewe pale mwisho, ni hiyo sukari. Maji matupu yanaganda kwenye nyuzi 0, yakiwa na sukari yanataka baridi kali zaidi, na hata yakianza kuganda kuna sehemu inabaki majimaji katikati ya chembe za barafu, ulaini ndo unatoka hapo. Friza nyingi za nyumbani ziko kama nyuzi 18 chini ya sifuri, sasa utamu wa nanasi peke yake hauwezi kupambana na baridi hiyo usiku kucha.

Na ile barafu nyeupe, maji ndo yanatangulia kuganda, sukari na ladha vinasukumwa pembeni, usipokoroga vinaachana kabisa.

Fanya hivi. Juisi lita moja, chukua sukari vijiko vinne vya chakula uyeyushe kwenye maji ya moto kidogo tu, ipoe, ndo uchanganye (usitie kavu, kwenye juisi ya baridi inakaa chini tu inakuangalia). Kamulia na nusu limau. Onja, iwe tamu kuzidi unavyopenda, maana kitu cha baridi sana ulimi hausikii utamu wake vizuri. Mimina kwenye trei pana, kina kama vidole viwili, sio kwenye jagi wala chupa, na chupa ya kioo iliyojaa usithubutu, maji yakiganda yanatanuka itapasuka. Baada ya saa moja hivi utakuta kingo zimeshika na katikati bado maji, chukua uma kwangua kingo uvutie katikati, rudisha, kila nusu saa unarudia, mara tatu nne hivi utaona imekuwa kama mchanga uliolowa. Hapo mimina kwenye glasi unywe, ukiisahau mpaka kesho ni jiwe tena, japo hili litakwanguka.

Kama hutaki kukesha na uma, gandisha kwenye vitrei vya barafu, ukitaka kunywa tupia vipande vichache vichache kwenye blenda na juisi kidogo isiyoganda ili visu vipate pa kuzungukia.

SWALI: Na sisi tusio na friza je? Barafu ya kununua naipata.

JIBU: Inatosha kabisa. Juisi yenye sukari weka kwenye mfuko imara, toa hewa, funga vizuri mno, uingize ndani ya mfuko mkubwa wenye barafu iliyopondwa na chumvi ya kutosha, chumvi inaishusha ile baridi chini ya nyuzi 0. Zungushia taulo maana vidole vitaungua kwa baridi, tikisa dakika kumi na tano hivi. Ukimaliza suuza mfuko wa ndani kabla hujaufungua, mi siku ya kwanza sikusuuza nikanywa juisi ya chumvi.