Kabla Hujaomba Namba za Watu, Soma Hili

Juzi mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniandikia: "Kaka, nataka kuunda mfumo wa kutahadharisha watu kuhusu mafuriko, halafu niingie kwenye mambo ya sera. Nianzie wapi?" Najua mko wengi wenye ndoto hiyo, kwa hiyo nawajibu wote kwa kusimulia yaliyonipata.

Masika ya 2024, mimi na wenzangu wawili tulikuwa na programu ya kusoma utabiri wa Idara ya Hali ya Anga na kutuma ujumbe mfupi kwa wakazi wa kando ya Mto Mathare, hapa Nairobi. Tulipita mlango kwa mlango tukiandika jina, namba ya simu, watoto wangapi, nani hawezi kutembea, nyumba iko hatua ngapi kutoka mtoni. Mama mmoja anayeuza mandazi alifunga kazi asubuhi nzima akatuzungusha kwa jirani zake. Bila yeye nusu ya milango isingefunguka.

Usiku wa kuamkia Aprili 24 mto ulivunja kingo. Jumbe zetu zilitoka mapema, na hilo nitalisema kwa fahari hadi kesho. Lakini simu nyingi zilikuwa zimezima chaji, na waliowaamsha watu hasa ni vijana waliopiga mabati kwa mawe. Orodha yetu ilisaidia mahali pamoja: tulijua nyumba za wazee wawili wasioweza kutembea, wakabebwa mgongoni kabla maji hayajafika kiunoni.

Siku chache baadaye ofisi moja ilinipigia ikitaka orodha hiyo, eti ya kugawa misaada. Niliituma ndani ya dakika kumi. Sikuuliza nani ataiona wala itakaa wapi. Nilijiona nimefika: nimetambuliwa, naitwa mtaalamu.

Mwezi Mei serikali iliamuru walio kando ya mito wahame, na ubomoaji ukaanza. Nilikuwa Mathare asubuhi ile. Kijana aliyekuwa akipiga alama ya X kwa rangi nyekundu alishika karatasi, na niliitambua kwa safu zake. Ilikuwa orodha yangu, imepangwa kwa hatua kutoka mtoni, wa karibu akiwa wa kwanza. Mama wa mandazi alikuwa wa saba. Aliniambia, "Wewe ndiye ulihesabu hatua," akaingia ndani. Kidonda hicho bado kibichi.

Sasa nisikilizeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019, na inasema wazi kuwa taarifa iliyokusanywa kwa kusudi moja isigeuziwe kusudi lisilopatana nalo. Mimi niliijua kwa jina tu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba, mpango wa serikali wa kitambulisho cha kidijitali, kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Kama serikali nzima ilirudishwa nyuma kwa hilo, wewe mwenye kompyuta moja usidhani haraka ya mafuriko inakusamehe. Janga ndilo wakati watu wanatoa kila kitu bila kuuliza, kwa hiyo ndilo wakati wako wa kuuliza kwa niaba yao.

Uliza kabla ya kukusanya. Uliza kabla ya kutuma. Usichohitaji usikiandike kabisa. Ushahidi, mfumo uliozaliwa mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, uliweka kwenye ramani kilichotokea na mahali kilipotokea, na mtu aliweza kuripoti bila kutaja jina. Wanaotaka kuingia kwenye sera, anzeni hapo. Serikali ikiomba maoni ya umma kuhusu mswada, nendeni mkaseme mliyoyaona mtoni. Msisubiri kuitwa wataalamu ndipo mfungue kinywa.

Mfumo wetu wa sasa hauna majina. Kila ploti ina namba moja ya simu ya mtu waliyemchagua wenyewe, na filimbi, kwa sababu filimbi haiishi chaji. Tulizigawa Jumamosi iliyopita. Kwenye ploti ya mama wa mandazi, binti yake ndiye aliyetoka kuipokea. Mlango ulikuwa wazi, na nilimwona mama yake ameketi ndani akikanda unga.