Maswali Yenu: Yule Bibi wa Minari Alikuwa Wapi Miaka Yote?

SWALI: Dada habari za kazi. Nimemaliza tamthilia ya Pachinko juzi nimelia mpaka macho yamevimba, halafu naambiwa yule bibi anayecheza Sunja wa uzeeni ndo yule yule aliyebeba Oscar kwa muvi ya Minari. Sasa mtu ana kipaji namna hii mbona tumemjua ameshazeeka? Alianza kuigiza ukubwani au ilikuaje?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Hapana, hakuanza ukubwani, huyu mama ni mkongwe wa wakongwe. Youn Yuh-jung kazaliwa 1947, na 1966 akiwa bado anasoma chuo kikuu cha Hanyang pale Seoul alienda kwenye usaili wa kituo cha televisheni cha TBC akapita, masomo akayaacha. Mwaka wake ulikuwa 1971, maana kwenye televisheni ya MBC alicheza Jang Hui-bin, yule suria wa mfalme ambaye Wakorea hawachoki kumtengenezea tamthilia, na mwaka huo huo ikatoka muvi yake ya kwanza, Hwanyeo ya mwongozaji Kim Ki-young, yeye akiwa msichana wa kazi anayeingia kwenye nyumba ya watu na nyumba ikavurugika yote. Ilimpa tuzo kwao, ikampa na nyingine Hispania kwenye tamasha la filamu la Sitges. Yaani miaka 24 tu tayari staa.

Baadae akaolewa na mwimbaji Jo Young-nam, wakahamia Florida kule Marekani, akazaa watoto wawili wa kiume na kazi ikasimama mpaka aliporudi Korea 1984. Ndoa ikavunjika 1987. Na hapa ndo watu wengi wanapita haraka wakati mimi naona ndo penye habari yenyewe, maana Korea ya wakati ule mwanamke aliyeachika kutokea kwenye skrini ilikuwa kama kosa, mwenyewe ameshasimulia kwamba watazamaji walikuwa wanapiga simu kituoni kulalamika eti huyu kaachika anafanya nini kwenye televisheni. Na nyumbani kuna watoto wawili wanataka kula na kusoma. Akachukua kazi yoyote iliyokuja, mama mtu, mama mkwe, nafasi ndogo ambazo staa wa zamani angezikataa kwa aibu. Alicheza kwenye What Is Love ya 1991, ambayo ni moja ya tamthilia zilizotazamwa zaidi kwenye historia ya Korea, kwa hiyo Wakorea walikuwa nae sebuleni miaka yote hiyo, sisi wa nje ndo tulichelewa. Inaniuma sana nikisoma mtu kaandika kwamba Minari ndo "imemwibua".

SWALI: Naomba unisaidie, The Housemaid ya 2010 ni mwendelezo wa ile Hwanyeo? Nimemuona Youn kwenye zote mbili nimechanganyikiwa.

JIBU: Sio mwendelezo, ni hadithi ile ile inarudiwa. Kim Ki-young aliitengeneza kwanza 1960, akairudia mwenyewe 1971 ndo hiyo Hwanyeo, halafu 2010 Im Sang-soo akaja na yake. Kinachonigusa ni kwamba 1971 Youn ndo alikuwa binti wa kazi, na 2010 kwenye nyumba ya matajiri yeye ndo mtumishi mzee aliyeona kila kitu akanyamaza, binti sasa ni Jeon Do-yeon, yule aliyeshinda uigizaji bora wa kike Cannes 2007. Ukipata nafasi zitazame zikifuatana, angalia anavyosimama mlangoni tu bila kusema neno, utaelewa miaka 39 inamfanyia nini mwigizaji.

SWALI: Tumebishana na shemeji yangu, yeye anasema Oscar alipewa kwa huruma ya uzee. Mkweli nani?

JIBU: Shemeji yako kakosea, na naomba umuoneshe hii. Mwaka ule wa 2021 alikuwa anashindana na Glenn Close na Olivia Colman, hao sio watu wa kushindwa na huruma, na kabla ya hapo alishachukua BAFTA, ile tuzo ya filamu ya Waingereza, na tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani kwa kazi hiyo hiyo. Muvi yenyewe ilitengenezwa kwa kama dola milioni 2 tu, ikapigwa Oklahoma kwenye joto kali. Youn alimuuliza mwongozaji Lee Isaac Chung kama anataka amuigize bibi wa huyo Chung, mzaa mama yake, akajibiwa hapana, basi akamjenga bibi wake mwenyewe, bibi anayetukana, anayecheza karata na mjukuu, anayependa mieleka kwenye tv. Halafu kiharusi kinampiga, na hapo mwambie shemeji atazame mdomo na mkono tu, mwili umegoma ila macho bado yanataka kusaidia, hakuna kilio cha kulazimisha. Huo ni ufundi.

Alikuwa Mkorea wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji, na mwanamke wa pili kutoka Asia kushinda Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, wa kwanza ni Mjapani Miyoshi Umeki kwa Sayonara ya 1957. Pale jukwaani aliwashukuru wanawe kwa kumfanya atoke akafanye kazi, akamtaja na Kim Ki-young aliyefariki 1998, kwamba angekuwepo angefurahi sana.

SWALI: Nianze na ipi?

JIBU: Minari kwanza. Ukitaka kucheka kuna Youn's Kitchen ya 2017, sio tamthilia, ni yeye na wenzake wanaendesha mgahawa kisiwani Indonesia. Dear My Friends ya 2016 ni ya wazee watupu na ni tamu mno. The Bacchus Lady, nayo ya 2016, anacheza bibi anayeuza mwili kwa wazee wenzake hapo Seoul ili apate kula, kwangu mimi ndo kazi yake kubwa kuliko zote, hata hiyo ya Oscar, ila ni nzito, usiiwashe watoto wakiwa hapo.