Saizi ya tairi kwa gari kuukuu: soma kibandiko cha mlangoni kabla ya kwenda dukani

Gari yangu ni Carina ya mwaka 1998. Iliteremshwa Bandari ya Malindi, Unguja, kutoka Japani, nikaivusha kwa meli hadi Mkoani, Pemba, na kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni matairi. Kashata, yale meno ya tairi, zilikuwa nene, hazijaliwa. Nikasema hapa nimepona, mwaka mzima sitonunua mpira.

Masika yalipoingia nikajua nina nini. Nilikuwa nateremka kilima kuelekea Mkoani, mvua imeshika, ng'ombe akakatisha mbele. Breki nilikanyaga mapema kabisa, lakini gari ikaendelea kwenda, usukani umekuwa mwepesi mkononi kama haujashika kitu. Ng'ombe alipita salama, nami nikasimama nikiwa nimepavuka mahali alipokuwa. Nilishuka nikakaa pembeni ya barabara hadi moyo uliporudi mahali pake.

Ubavuni mwa tairi palikuwa pameandikwa STUDLESS, na pembeni pana picha ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Ni matairi ya baridi. Gari nyingi tunazoletewa zimetumika mikoa ya theluji kama Hokkaido, na mwenyewe anapoiuza huenda ikawa bado imevaa mipira ya msimu ule. Mpira wake ni laini kwa makusudi, usikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7, na kashata zake zimejaa mikato midogo midogo ya kushika theluji. Sisi hata kipupwe hatufiki huko. Kwenye lami yetu ya jua kali mpira ule unalainika kupita kiasi, kashata zinayumba, unaisha haraka, na kwenye maji breki yake ni ndefu. Kashata nene zisikudanganye.

Basi nikaenda kununua mipya, na hapo ndipo nilipotaka kufanya kosa la pili. Matairi yale yalikuwa 175/70R14. Nikamwambia muuzaji anipe saizi hiyohiyo. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa dukani akaniuliza, "Sheikh, umesoma kibandiko cha mlangoni?" Sikuwa nimekisoma. Kipo ukifungua mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zilezile zetu, na changu kinasema 185/65R14.

Namba hizo zisomeke hivi. 185 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 65 ya ule upana. R ni namna nyuzi zilivyosukwa ndani, na 14 ni rimu kwa inchi. Ukitaka kujua kimo kizima, zidisha 185 kwa 0.65, upate ubavu mmoja, uzidishe kwa 2, kisha ujumlishe rimu: inchi 14 ni milimita 355.6. Jumla inakuwa kama 596. Ile 175/70 inatoa kama 601. Kwa hivyo yule Mjapani aliyekuwa na gari kabla yangu hakukosea hata kidogo. Alichagua tairi jembamba kwa sababu jembamba linaikata theluji na kufika chini penye kushika, akapandisha ubavu ili kimo kisibadilike. Kwake ni hesabu sahihi.

Kwangu mimi upungufu ulikuwa kwenye namba ndogo inayofuata. Tairi lile lilikuwa 84Q, la kibandiko ni 86. 84 maana yake tairi moja libebe kilo 500, 86 ni kilo 530. Msimu wa karafuu unajua mwenyewe gari zetu Pemba zinavyopakiwa. Usishuke chini ya namba ya mzigo iliyowekwa na mtengenezaji, hata kama bei inavutia. Herufi Q ni mwendo, mwisho kilomita 160 kwa saa, na kwa barabara zetu hiyo haina shida.

Fundi mwingine alinishauri niweke 185/70 ili gari inyanyuke kwa ajili ya njia za shamba. Nililiazima moja nikajaribu. Kimo kinafika 615, yaani asilimia 3 zaidi. Gari tupu ilikwenda vizuri, lakini nilipopakia magunia, tairi likaanza kusugua madigadi kila kona. Na mshale wa spidi unadanganya: ukisoma 80 uko kwenye 82 na zaidi. Kama shokapu zimechoka, tengeneza shokapu. Tairi kubwa si dawa yake.

Hesabu hii inafaa kokote. Mpwa wangu yuko Sweden, na huko matairi ya baridi ni sheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ikiwa na theluji au barafu. Ana Golf kuukuu yenye 205/55R16, akaniuliza, "Mjomba, wananiambia nichukue 195/65R15, itakaa kweli?" Tulipiga hesabu kwenye simu: ya kwanza 632, ya pili 634 na kidogo. Ni jembamba zaidi, ubavu mrefu, na rimu ndogo bei yake ni nafuu zaidi. Nilimsisitizia jambo moja, ahakikishe rimu ya 15 inapita kwenye breki bila kugusa, na saizi hiyo iwe imekubaliwa kwenye karatasi za gari lake.

Ukinunua tairi la mtumba, tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mimi lililopita miaka sita silichukui, hata likiwa linang'aa. Upepo nao uko kwenye kibandiko: ukiona 220 (kPa), kwenye geji ya fundi ni kama 32 (psi).

Na ufungue buti. Mimi nilibadilisha manne nikaridhika, na miezi baadaye nilipopata pancha njia ya Wete nikakuta spea bado ni lile la theluji.