Mi ya Aleppo haikai kwenye kinanda

Msomaji mmoja aliyeko Ujerumani ameuliza: wana kikundi cha udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), nai (filimbi ya mwanzi), riki (tari ndogo) na mwimbaji, wamepewa nusu saa kwenye tamasha la mji wao, na wanataka kupiga muziki wa Aleppo, mji wa Syria, kwa namna ambayo wenyeji watauelewa. Hapo ndipo vikundi vingi huuharibu. Huokota nyimbo sita maarufu, kila moja na maqamu yake (ngazi ya sauti na mwendo wake), wakaongeza kinanda cha umeme. Makofi yatapigwa, lakini Aleppo haimo.

Anzeni na sauti moja. Katika Rast, mojawapo ya maqamu, inayoanzia do, sauti ya tatu ni mi iliyo kati ya mi ya piano na mi bemoli. Vitabu huiweka senti 350 juu ya do, nusu toni ikihesabiwa senti 100. Kinanda chenye kitufe cha robo toni hushusha senti 50 kamili na kuganda hapo. Mwimbaji wa Aleppo akiwa kwenye Rast huipandisha kidogo, akiingia maqamu nyingine, Bayati ya re, huiteremsha. Kwenye karatasi ni alama ile ile, masikioni ni sauti mbili. Kwa hiyo kinanda kibaki nyumbani.

Udi hauna taabu, maana shingo yake haina vyuma kama gitaa. Kanuni ndiyo inayotega: nyuzi 78 katika mafungu 26 ya tatu tatu, kila fungu na vibao vyake vidogo vya kupandisha na kushusha sauti. Kanuni ya Kituruki ina vibao vingi zaidi, na mi ya Rast ya Waturuki iko juu, karibu na ya piano. Mpigaji asiinyanyue kwa mazoea ya aliyemfundisha. Amfuate mwimbaji, kisha ahesabu ni kibao cha ngapi.

Zoezi ni hili: udi unashikilia do, mwimbaji anapanda hadi sol na kurudi, dakika 10 kila siku kwa wiki mbili, kabla ya wimbo wowote. Jirekodini. Sikio lililolelewa na piano huvuta mi juu wakati wa kupanda, na mwenye sikio hilo hajisikii mpaka achezewe rekodi yake.

Sasa hiyo nusu saa. Muziki wa Aleppo huenda kwa wasla, mfululizo katika maqamu moja, kutoka mzito kwenda mwepesi. Mpenzi wa taarab asilia anayeijua bashraf, kipande cha ala tupu, kabla ya wimbo hatashangaa. Samai, nayo ni ya ala tupu, dakika 5: khana (beti) tatu kwa mapigo 10, ya nne kwa mapigo ya haraka, taslimu (kiitikio) ikirudi baada ya kila khana. Muwashshah (nyimbo za mashairi ya kale ya Kiarabu) mbili, dakika 9. Taksimu ya udi, yaani upigaji wa papo kwa papo, ikifuatwa na layali na mawali, uimbaji huru bila mdundo, dakika 6. Mwisho qudud (nyimbo nyepesi za Aleppo) tatu, dakika 10. Muda ukibanwa, punguzeni nyimbo, msiondoe hatua. Wengi hukata taksimu na mawali wakidhani msikilizaji mgeni atachoka, kumbe hapo ndipo sikio lake linapozoeshwa ile mi, na qudud zikifika anazipokea. Sabah Fakhri, mwimbaji wa Aleppo, aliimba saa 10 mfululizo Caracas mwaka 1968. Sisi tunaogopa dakika sita!

Kipindi cha baridi vipasha joto hukausha hewa, uso wa udi hupasuka na vigingi huteleza. Weka kipima unyevu ndani ya kasha, kibaki kati ya asilimia 45 na 55. Kwenye ndege legeza nyuzi kiasi cha toni moja, usizilegeze kabisa.

UNESCO iliziorodhesha qudud za Aleppo mwaka 2021. Ni heshima kubwa, lakini orodha haimfundishi mtoto kuimba. Wazee walio na muziki huu kichwani wako nanyi huko huko Ulaya. Mrekodini mzee akiimba peke yake, bila ala, faili la WAV lisilobanwa, nakala tatu, moja nje ya nyumba. Mwanzoni mwa rekodi aseme mwenyewe jina lake, mtaa wake, maqamu, na nani alimfundisha. Ukisema utayaandika baadaye, hayataandikwa.