Kompyuta inalia "pii", skrini nyeusi

SWALI: Fundi, shikamoo. Kompyuta yangu ya mezani nikiiwasha feni inazunguka, lakini skrini inabaki nyeusi na ndani inalia "pii, pii, pii". Nimeambiwa mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa, ninunue nyingine. Picha za marehemu mama zimo humo. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Tuanze na picha. Zinakaa kwenye "hadi diski", kifaa cha kuhifadhia mafaili, na hata mazabodi ikifa kweli, diski huchomolewa ikasomwa kwenye kompyuta nyingine. Usikubali mtu aiformati, yaani aifute yote!

Sasa mlio. Bodi iliyokufa kabisa kwa kawaida haina nguvu ya kulia. Maana ya milio hutegemea mtengenezaji, ila milio pamoja na skrini nyeusi mara nyingi ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua ubavu. Gusa chuma cha boksi kwanza. RAM ni kile kijibao chembamba kilichoshikwa na vibanio; vifungue, kichomoe. Tazama meno yake ya rangi ya dhahabu: huku kwetu pwani unyevu huyafubaza. Yasugue taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, ukirudishe kwa kukikandamiza mpaka vibanio vilie "ta". Hapo wengi hukosea, wanakiacha kimekaa nusunusu. Vijibao vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja.

Ikiendelea kulia, niandikie milio ni mingapi, mirefu au mifupi, na jina la mtengenezaji.